Kitambaa Juu ya Maharagi

Papa Emérita,

Maharagi iko ku mafiga, nimeifunika na kitambaa nzi isiingie. Uanike mihogo, mvua ikikuja, urudishe ndani. Mutoto wetu Emérita akilia, umupe uji weye mwenyewe. Mikono yako haitetemeke kama yangu.

Niko naenda ku dispanseri ya misioni kuomba dawa, macho inawasha kama iko na muchanga. ~~Kisha nitaenda kwetu Ngungu, nibakie kule.~~ Nitarudi jioni. Nibakie wapi na mutoto ananyonya bado?

Leo asubui nilimupelekea papa yako uji. Nilipiga magoti, nikainamisha kichwa vile nilifundishwa, juu mukazana haangalie baba mukwe ku macho. Akamwanga uji chini: "Huyu mwanamuke ananikodolea macho!"

Papa Emérita, siyo heshima njo imepunguka. Muganga alitueleza sisi wawili: ni ugonjwa wa shingo njo unasukuma macho inje, hata nikilala kope hazikutane. Ulisikia na masikio yako. Lakini papa yako akanitupia kitambaa, eti nifunike uso kila siku mu lupango yake, mu kiwanja hii yote. Na weye ukaangalia chini, sawa weye njo mukazana.

Basi, kama anauliza kitambaa chake kiko wapi, umwambie mimi ni mutu wa kutii, nimefunika. Akiinue yeye mwenyewe, mukule.

Mama Emérita