"Vuta dawa, baba"

Shoga, hebu sikia. Mdogo wangu pumu imembana, kifua kinapiga filimbi, na Mama badala ya pampu kamtia mdomoni ile sigara ya umeme ya mwanawe! "Vuta dawa, baba, vuta!"

Dawa! Yaani siku zote akiuona ule moshi, Mama anajua mwanawe anajifukiza kifua.

Mwenyewe anatikisa kichwa, sauti haitoki. Pampu nimempa mimi.

Alipopata pumzi nikamuuliza, na pumu yote hiyo, moshi wa nini? Akasema, "Dada, bila hiki kidude mawazo yananila. Usimwambie Mama."

Nimechoka, shoga. Nageuka hivi, namkuta Mama anakichomeka kwenye chaji, eti dawa isimwishie mtoto.