Maji Niliyoyataja kwenye Ramani

Mwanangu Kasanda,

Marahaba. Najua huko uliko umeniamkia asubuhi kama kawaida yako, kwa hiyo naitikia kabla ya mengine. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, na leo ni siku ya tatu. Usizicheke herufi zangu. Ni wewe uliyenifundisha, ukirudi shule ya misheni unanichorea kwenye majivu pale jikoni, na marehemu mama yako anasema, "Mwanafunzi mkaidi namna hii sijapata kumwona." Mkaidi, lakini nikajua. Hapa Kigwa wazee wa rika langu wanaoandika majina yao ni wangapi? Mimi peke yangu.

Kasanda, chakula hakipiti tangu mlipoondoka na magari ya ng'ombe. Nakuona bado ulivyosimama mbele ya watu: "Tuhamie Maji ya Nyati! Serikali imeifungua nchi ile, na baba yangu ndiye aliyewaonyesha Waingereza maji yake. Yako kwenye ramani." Watu wakanigeukia. Nikakohoa, nikaweka kofia yangu sawa. Kaya saba zimekufuata kwa ajili ya kikohozi kile.

Habari ya ramani umeisikia tangu unanyonya. Vita vya Mjerumani vilikwisha, Mwingereza akapewa nchi asiyojua hata inakoishia. Akaja bwana mpimaji na mnyororo wake na darubini yake ya miguu mitatu, akauliza Tabora nzima ni nani aijuaye nyika ya magharibi. Nikatajwa mimi, kirongozi, mtangulizi wa misafara, mtoto wa kirongozi. Niliwatangulia wapagazi thelathini, na simba alinipisha njia. Hayo ni kweli, ingawa simba huenda alikuwa ameshiba.

Lakini kipo kipande sijakusimulia hata siku moja. Tulifika pale masika yanaisha. Bwawa limejaa, mayungiyungi juu yake, nyayo za nyati kila upande. Bwana mpimaji akaniuliza, "Kirongozi, maji haya hukauka kiangazi?" Nami nilikuwa sijapata kukanyaga pale. Masanja wa Puge, aliyebeba hema nyuma yangu, akaninong'oneza kwa Kinyamwezi, "Mwambie hujui, ndugu yangu."

"Wewe beba hema," nikamjibu.

Kwenye msafara, kirongozi akisema hajui, kesho yake yuko nyuma na mzigo kichwani. Hivyo ndivyo baba yangu alivyonilea. Basi nikasema, "Hayakauki, bwana. Hata mwaka wa njaa." Akaandika. Nilimwona akiandika.

Mwaka uliofuata Masanja alipita kule kiangazi akitafuta nta. Aliporudi akaja mpaka mlangoni kwangu. "Maji yako nimeyaona," akasema. "Nimelala katikati yake na sikulowa." Nikacheka. Nikaendelea kujisifu kama kawaida, na Masanja amekufa bila kumwambia mtu mwingine.

Sasa kiangazi kimekolea, majani yamekauka mpaka yanalia chini ya mguu, na kila nikifumba macho nawaona ng'ombe wenu ndimi nje, na mkeo, na Mbula mgongoni kwake akililia maji. Mjukuu wangu hajatimiza hata mwaka.

Unakumbuka tulipokwenda kurina asali, wewe una miaka tisa? Kila njia panda nalaza tawi kwa upana kwenye njia isiyo yetu, kama virongozi wote walivyofanya, ili wanaofuata wasipotee. Ukauliza, "Baba, na kirongozi mwenyewe akikosea?" Nikakuzaba kofi. "Kirongozi hakosei!" Ulilia mpaka kwenye mizinga. Nikakupa sega la kwanza, nawe, na machozi bado usoni, ukakata ukanipa nusu. Nusu ile sijaisahau.

Swali lako lilikuwa la haki. Nilikosea, mwanangu.

Barua hii inaondoka leo kwa garimoshi mpaka Kaliua, kwa yule mwenye duka uliyenitajia. Ikiwa bado mko kambini hapo, msiende Maji ya Nyati. Shikeni njia ya kushoto mpaka mtoni. Kuna vidimbwi virefu chini ya miti mikubwa. Nilikunywa pale kiangazi, kwa kinywa changu hiki. Ikiwa mmeshaondoka, namwomba mwenye duka ampe barua mtu yeyote anayewafuata.

Siiachii karatasi kazi yangu. Kesho kutwa nami napanda garimoshi. Nikishuka Kaliua nitakata kwa njia ya zamani ya misafara, niwawahi kwenye njia panda. Gari la ng'ombe halipiti, mguu unapita. Dada yako ananitwangia unga wa njiani huku analia. "Baba, na goti hilo?" Nimemwambia goti hili limevuka nchi ambazo mumewe hazijui hata kwa kusimuliwa. Hakucheka.

Mkifika inapochepuka njia ya Maji ya Nyati, simamisha magari, utazame chini. Ukikuta tawi limelazwa, usiliruke. Ni mimi. Na usipolikuta, msipite vilevile. Jua tu kwamba sikuwahi kufika.

Mbusu Mbula kichwani kwa niaba yangu, na umpe maji kabla hajayaomba.

Ni mimi baba yako, niliyezoea kutangulia, na sasa nakufuata nyuma.