Shuka Zako Nimezianika Sebuleni

Mwanangu,

Sikukuamsha, ndio kwanza ulikuwa umepata usingizi. Kidonge kimoja tu, baada ya kula. Maji ya chumvi ya kusuuzia pua yako kwenye birika, yameshapoa. Madirisha usifungue mpaka jioni. Shuka zako nimezianika sebuleni, ukipita inama.

Nilipofuata dawa asubuhi, mfamasia aliniuliza huwa naanika wapi shuka zako. Nikamjibu kwa majivuno kabisa: kwenye kamba iliyo chini ya mti wa maua alioupanda marehemu mama yako, ili mtoto alale na harufu yake. Akaniambia vumbi la maua hayo ndilo linalokuziba pua. Kumbe miezi yote hii nakulaza juu ya chavua, halafu nakutania unapiga chafya kama mbuzi.

Basi mti ~~nimeupunguza~~ nimeukata. Nilisubiri nilie, sikulia. Nikafagia majani, nikanawa mikono, nikavaa viatu vya kazi.

Usinipigie simu kunipa pole. Chakula kipo jikoni, pasha.

Foronya moja iliyokuwa kwenye kamba ile nimeifunga kwenye mfuko juu ya kabati langu, usiiguse. Hiyo sitaifua.

Baba