Paka wa Mama Bado Anaita

Dada yangu,

Huku tupo. Cherehani imepona, na nimepata kazi ya kushona sare za shule. Ila paka wa mama ananitoa roho: kutwa nzima analia mlangoni pa chumba cha mama.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Akampapasa tumbo, akamkagua meno na masikio, akasema, "Haumwi, wala hana njaa. Kuna mtu alikuwa akimjibu?"

Si unamjua mama? Paka akilia, yeye alikuwa akiitika, "Abee, mume wangu!"

Nilipomweleza, daktari akasema, "Basi akilia, mnyamazie. Akitulia ndipo umpe chakula na ucheze naye. Atazoea."

Nimejaribu wiki tatu, wapi! Jana nilichoka, nikaitika mimi kwa sauti ya mama. Paka akanitazama, akanipa mgongo, akaendelea kuita. Nilipoingia chumbani nikamkuta mama anahangaika kufumbua mdomo, machozi yanamtiririka hadi kwenye mto.

Dada, tangu apatwe na kiharusi sijakwambia yote. Daktari wake amesema sauti haitarudi. Ukipiga simu, usiniombe nimpe aongee. Nitamwekea sikioni, wewe sema tu.

Ni mimi mdogo wako.