Kona ya Kaskazini

Knockavarra,
Oktoba 1998

Kaka yangu Colman,

Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Boston, wewe na Maureen. Mimi mguu unanisumbua kidogo, ng'ombe hawajambo, na mvua ndiyo ile ile uliyoikimbia.

Lakini nina hasira, Colman, tangu Agosti sijapoa. Halmashauri ya kaunti inataka kupitisha barabara kwetu. Ilikwenda mahakamani bila kutuambia neno, ikapewa amri ya kuingia kwenye mashamba ya watu kumi na mmoja na kutoboa ardhi ili kuipima. Tulijua siku mashine zilipofika. Mhandisi akanisomea karatasi langoni kama anamsomea mtoto. Nikamwambia, "Lango hili kalijenga baba yangu. Liguse uone, utaondoka bila hiyo kofia, na kichwa kikiwa ndani yake." Jirani yetu Malachy Tuohy akaliegesha trekta lake katikati ya njia, akadai betri imekufa. Ilikufa siku nne, maskini.

Sote kumi na mmoja tukaipinga amri ile. Wakili wao akamwambia jaji kwamba hatuna sababu ila ukaidi, na kwamba kona yetu ya kaskazini ni mawe na miiba tu, ramani haionyeshi kitu. Mawe na miiba! Unajua ndipo walipozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, maana padri hakuwataka makaburini kwake. Jaji akauliza nani anaweza kuthibitisha. Wazee wakatazama viatu vyao.

Nikasimama.

Colman, mwaka 1964, ulipokuwa Uingereza kwenye ujenzi, mama alikuandikia kwamba naumwa kifua. Sikuumwa kifua. Nilizaa mtoto wa kike, hakumaliza hata saa moja. Baba alimbeba ndani ya sanduku la chai, akamzika pale, akarudi kukamua ng'ombe. Hawakumtaja tena mpaka wanakufa, yeye na mama. Mimi nimemtaja Jumanne iliyopita, mbele ya watu wote ninaosali nao, na sauti haikutetemeka.

Jaji ameifuta amri; kasema tulistahili kusikilizwa kwanza. Halmashauri inasema itarudi. Na irudi, itanikuta.

Nisamehe kwa kukuficha miaka yote hii. Nilimpa jina: Sorcha. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Mwite na wewe, hapo ulipoketi, kwa sauti.

Msalimie sana Maureen na wanao.

Dada yako,
Dympna