Mfereji wa Taveta, Mtaro wa Tororo

Jumapili, jioni. Tororo.

Leo jua limewaka tangu asubuhi na vumbi la barabara limenifuata mpaka kitandani. Mwamba wa Tororo unaonekana wote, hauna hata kipande cha wingu. Kila siku nautazama nikijua si mlima wa kwetu, na kila siku macho hayasikii.

Mimi ni mchimba mitaro. Kampuni ya Wachina inatengeneza barabara kati ya hapa na Busia, na kikosi chetu ndicho kinachochimba na kujenga mitaro ya kando ili mvua isile lami. Kwetu ni Taveta, upande mwingine kabisa wa Kenya, mpakani na Tanzania. Nimetoka mpaka mmoja nikaja kuvuka mwingine. Shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo unayesoma hapa nivumilie.

Nina hamu ya nyumbani. Naiandika wazi leo kwa sababu siku nyingine huwa naandika tu kwamba mgongo unauma.

Jumamosi ijayo kijijini kwetu wanasafisha mfereji. Migomba yetu haitegemei mvua. Inanyweshwa na mfereji unaotoka mto Lumi, na kila shamba lina zamu yake ya maji. Masika yakiisha, kila mwenye zamu anashuka na jembe au koleo. Watu huanzia banioni, pale mto unapozibwa ili maji yaingie mferejini, wakazoa matope mpaka shamba la mwisho. Asiyefika msimu mmoja husamehewa. Akizidi kukosa, zamu yake inasogezwa mkiani, na mkiani maji hufika yamechoka, siku nyingine hayafiki kabisa.

Mimi nimekosa mno. Mke wangu, Mama Rehema, amekuwa akizoa matope kwa niaba yangu, lakini zamu ile niliirithi kwa baba, na safari hii wamemwambia kwamba aliyerithi aonekane mwenyewe. Nisipoonekana, migomba ya mama yangu itaanza kunyauka mwaka huu huu.

Ruhusa nimeomba. Shida ni kwamba mitaro iko chini ya Mista Chen na lami iko chini ya Mista Yang, na mtu haondoki mpaka wote wawili wakubali, maana mtaro usipokwisha lami haiendi. Chen ananiambia nimuulize Yang. Yang ananiambia nimuulize Chen. Wiki nzima nimepigwa danadana na watu wawili wanaolala chumba kimoja.

Jana ilikuwa sikukuu yao, ya mashindano ya mashua. Hapa kambini hakuna mto wa kushindania, basi wakapika. Wanafunga mchele unaonata ndani ya majani, na kipande cha nyama katikati, wanauchemsha kwa saa nyingi. Majani yao ya huko hayapatikani huku, wakanunua ya mgomba kutoka kijiji cha Kwapa. Yakawa yanapasuka kila wanapoyakunja. Chen akayatukana kwa lugha yake. Nikachukua moja, nikalipitisha juu ya makaa taratibu mpaka likalainika na kung'aa, kama mama alivyokuwa akifanya.

Ile harufu ya jani la mgomba likibabuliwa.

Nilisogea pembeni nikajifanya natafuta kuni.

Nilipokaa kula, Owor alikuwa kando yangu. Owor ni mwenyeji, mtu wa Petta, tunachimba bega kwa bega. Alikuwa anageuza fungu lake mkononi kama mtu aliyepewa panya.

"Taveta, angalia. Hii muchele imevaa shati."

"Livue, ule."

"Na hii nyama ndani najificha nani? Askari?"

Chen na Yang nao walikuwa wanabishana. Chen ni mtu wa Sichuan, Yang ni wa Guizhou, mikoa miwili jirani huko China, na kila mmoja alisema mwenzake hajui kufunga wali.

"Ya Guizhou mbaya," Chen alituambia.

"Yeye jua pilipili tu," Yang akasema. "Ulimi yake kufa zamani."

Tulicheka sana. Ndipo Chen akanigeukia akauliza mambo ya majani nimeyajulia wapi. Nikamweleza kuhusu migomba, nikamweleza na mfereji. Nikamwambia kwamba maji yetu yanatoka kwenye mlima ulio nchi nyingine, na wenzetu wa Rombo, upande wa Tanzania, wakiyakata juu, sisi chini tunabaki tunaangalia mawe.

Chen akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Alinionyesha mto umepita katikati ya milima, maji yake mekundu kama ya kwetu wakati wa masika.

"Mto moja," akasema. "Mimi hapa. Yang pale. Yunnan juu. Zamani kila mtu fanya yake. Juu tia uchafu, chini lia."

Alivyoeleza, kwa vidole na kwa Kiswahili chake, mikoa ile mitatu sasa imekaa pamoja ikaweka sheria zinazofanana kwa ajili ya mto ule. Wa chini wanamlipa wa juu ili asichafue, kwa sababu kando ya mto wanapika pombe yao kali, na pombe haiwi pombe bila maji yale. Siku za sherehe wanaimba, ng'ambo moja inaanza na ng'ambo ya pili inajibu, na wageni wanatoka mbali kuja kusikiliza, wanalala hapo na kula hapo. Yang alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Alianza hata kuimba kidogo, Chen akamjibu, sauti mbaya wote wawili.

Owor hakuacha. "Sasa kama nyinyi majirani nasikilizana hivyo, ruhusa ya Taveta nashinda nyinyi kwa nini?"

Kambi nzima ikalipuka kwa kicheko. Yang akainama kwenye sahani yake. Chen naye alicheka, kisha akafikiri, kisha akanipigapiga begani kama mtu aliyepata dawa.

"Wewe hapana enda. Wewe lipa mtu. Mtu chimba, wewe kazi hapa. Wote furaha."

Nakiri, niliona ni akili, ingawa walitaka nionekane mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kuomba. Nikalala na moyo mwepesi.

Leo asubuhi nikapanda boda mpaka Busia, kwa sababu pale mtandao wa Kenya unashika na simu ya nyumbani haininyonyi. Nilisimama nyuma ya foleni ya malori, mahali penye kivuli kidogo, nikampigia Mama Rehema. Nikamwambia atafute kijana pale senta achimbe badala yangu, mimi nitamlipa.

Nilisikia akiweka ndoo chini.

"Baba Rehema," akasema. "Kwani umekufa?"

Hapo ndipo nikakumbuka.

Kwetu mtu wa kukodiwa huchimbia marehemu. Mwenye zamu akifa, kabla mrithi hajawekwa, familia humtafuta mtu wa nje ashike jembe lake msimu huo ili zamu isikatike. Ukimwona mgeni anachimba kwenye kipande cha mtu, huulizi. Unavua kofia, unaenda nyumbani kwake kutoa pole. Nilimwona wa babu yangu nikiwa mdogo. Nilimpelekea maji ya kunywa mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimesahau.

Si kwamba nilipuuza. Mambo mengine mtu hupuuza na anajua. Hili lilikuwa limetoka kichwani, kama kitu kilichodondoka njiani wala hukusikia kikianguka. Nimekuwa huku muda mrefu kiasi hicho.

"Unataka wanipe pole?" Mama Rehema aliendelea. "Niambie basi Jumamosi nivae nguo gani. Nifunge na kitambaa cheusi?"

Nikasema nimekosa. Nikasema ni wazo la Mchina.

"Mchina ndiye amekuoa?"

Lori likapiga honi karibu yangu, tukangoja lipite. Sauti yake iliporudi ilikuwa imeshuka. Akaniambia Rehema anauliza kama bado nina ndevu. Nikashika kidevu changu pale barabarani kama mpumbavu, nikamwambia ninazo.

Nilirudi kambini mchana. Nilimkuta Chen bombani anasugua viatu vyake vya kazini. Nilikuwa na hasira naye, sitaficha, na njiani nilikuwa nimepanga maneno. Lakini nilipomweleza jinsi ilivyo kwetu, hakucheka. Aliacha kusugua.

"Mtu ya kukodi," akasema polepole, "ni ya mtu amekufa?"

"Ndiyo."

Maji yalikuwa yanamwagika bure. Kisha akafunga bomba, akatoa simu ile ile ya jana. Safari hii alinionyesha kaburi. Lilikuwa mlimani, limefagiwa, majani yamekatwa vizuri, vijiti vya ubani vinatoa moshi.

"Baba yangu. Kila mwaka mtoto fagia. Mimi hapa." Akanyoosha kidole kwenye ardhi ya Tororo. "Mimi lipa jirani. Yeye fagia, tuma picha. Miaka mingi."

Kwenye picha kulikuwa na kivuli kimeangukia jiwe la kaburi. Kivuli cha huyo jirani aliyekuwa ameshika simu.

Basi hakuwa ananidharau. Alinipa dawa anayoitumia mwenyewe.

Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Nikamwambia pole. Akasema asante, tena kwa adabu, kama tunavyosema sisi msibani.

Halafu akapaza sauti kumwita Yang. Walisemezana palepale bombani, na lugha zao zinasikilizana, Owor anasema ni kama yeye akizungumza kwa lugha yake na Mjaluo wa Kenya. Sikuelewa neno. Niliona tu Yang akikataa kwa kichwa, Chen akionyesha simu, Yang akitazama chini, kisha akinitazama mimi.

"Enda," Yang akaniambia. "Lakini mtaro ya Mwello ikiisha, kazi kwisha. Mimi hapana ngoja mtu."

Maana yake ni hii: wenzangu wakimaliza kipande cha Mwello kabla sijarudi, hakuna nafasi yangu tena. Naye Owor, aliyekuwa ananawa miguu karibu, akadakia kwa sauti ya kambi nzima.

"Usiogope, ndugu yangu. Sisi tutachimba kama watu nakula uji ya moto."

"Mimi sikia," Chen akasema.

"Sikia tu, Mista Chen. Uji ya moto nataka pole pole."

Nikacheka, lakini najua. Owor hawezi kuizuia barabara. Mwello haiko mbali na kwisha, na nyumbani hakuna kazi, ndiyo sababu nilikuja huku. Naweza kuokoa maji nikakosa cha kununulia hata jembe. Nimelifikiria tangu mchana, na kila nikilipima nafika palepale.

Mama Rehema alisema neno moja ambalo sikumjibu. Je, nimekufa? Watu wa mto ule wa Chen, pamoja na sheria zao na nyimbo zao, nadhani kuna mmoja kila nyumba ambaye ameondoka na kivuli cha jirani kinasimama mahali pake. Mikoa inaweza kukubaliana. Nchi zinaweza. Ndani ya maji lakini anaingia mtu, na anayeingia inabidi awe ndiye mwenyewe.

Kesho namalizia kipande changu cha zege. Jumanne navuka Busia na begi langu, niende Nairobi, nishuke Voi, nifike Taveta. Kama nitarudi hapa au sitarudi, sijui, na usiku huu sitajidanganya kwamba najua.

Jumamosi nitashuka banioni na jembe la baba. Maji yale ni ya baridi, yanatoka mlimani. Wengine hawatanitambua mara moja, vijana hasa, watadhani ni mtu wa kukodiwa na watavua kofia. Nitainama nichimbe, wala sitajieleza. Nitachimba mpaka mmoja wao aniite kwa jina.