Pazia la Jikoni

Wanangu,

Chakula kipo kwenye sufuria, kipasheni moto. Mdogo wenu aoge kwanza, asiwadanganye. Yale maboksi yafungueni, vyombo virudi kabatini. Hatuhami tena.

Asubuhi nilipitia ile nyumba tuliyotaka kuinunua, nikalipime dirishani pazia la jikoni nililolishona. Akanifungulia mama nisiyemjua. Kumbe mwenye nyumba kachoka kutusubiri, kawauzia wao. Baba yenu kila siku, "Haraka haraka haina baraka." Haya, baraka wamepata wenzetu.

~~Mwambieni chakula akatafute huko huko anakochelewa.~~ Mwekeeni chakula chake, mkifunike vizuri.

Yule mama akalishika pazia, akaniuliza nauzaje. Machozi yalinilenga, nikajitia kucheka. Nikapanda kwenye kiti chake nikamtundikia mwenyewe. Likakaa sawasawa, wala halikuhitaji kupunguzwa. Nikamwachia bure, maana lilishonwa kwa dirisha lile.

Nitachelewa, nina nguo za wateja za kumalizia. Mapazia mengine nimeyasukuma chini ya kitanda. Msihangaike kuyatundika, hapa hatuna dirisha la kuyatosha.

Mama yenu